Kapteni aliniambia kazi yangu ni chai: je, nilimkosea heshima?

Swali hili limetoka kwa binti wa Kisumu, mhudumu wa ndege aliye katika mwaka wake wa pili kazini. Nimelifupisha kidogo, lakini maneno ni yake:

"Mama, tuliondoka Kisumu jioni kwenda Nairobi. Ndege ikiwa bado inapanda, mlango wa nyuma ukaanza kupiga mluzi, sauti ambayo sijawahi kuisikia. Nikachukua simu nikapiga kwa marubani. Kapteni akanikemea kwamba huo si wakati wa kupiga simu na kwamba kazi yangu ni chai. Tulipotua alinigombeza tena mbele ya kiongozi wangu na vijana wa mizigo. Fundi alikagua, akasema ni mpira wa mlango umekunjika, hakuna hatari. Baba mdogo ananiambia nikaombe msamaha, eti asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wiki iliyofuata, na kapteni yuleyule, nilisikia harufu kama ya waya unaoungua kwenye choo cha nyuma. Ikaisha baada ya dakika chache. Sikumwambia mtu. Je, nilimkosea heshima siku ile? Na kapteni ana mamlaka gani juu yangu hasa?"

Mwanangu, kwa kupiga simu hukumkosea mtu. Kosa lako ni la wiki iliyofuata, uliponyamaza. Nalisema mapema ili usilisubiri huku ukihangaika, na kwa sababu hayo mawili yamefungamana: kukemewa kwa siku ya kwanza ndiko kulikokuziba mdomo siku ya pili. Nimefanya kazi hii miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani huku Kisumu, nikafundisha wahudumu baada ya hapo, na hakuna jambo linalonitia hofu kama mhudumu aliyejifunza kunyamaza.

Kuhusu mamlaka, hapo sitaki uwe na shaka hata kidogo. Milango ya ndege ikishafungwa, kapteni ndiye mwenye neno la mwisho juu ya ndege nzima. Akisema tunarudi, tunarudi. Akisema wahudumu wakae na mikanda, mnakaa hata kama chai imeshamiminwa. Sheria za kimataifa za usafiri wa anga zimemtwika yeye usalama wa kila aliyemo, nawe ukiwemo, na kanuni zetu za Kenya zimefuata njia hiyohiyo. Mkataba wa Tokyo wa 1963 unamruhusu hata kumfunga kamba abiria anayehatarisha safari, na kuwaamuru ninyi mmsaidie. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Angani hakuna nafasi ya kupiga kura.

Lakini mkataba huohuo una kipengele ambacho wahudumu wengi hawajawahi kusomewa. Unasema mfanyakazi yeyote wa ndege, hata abiria, anaweza kuchukua hatua ya kuzuia hatari bila kungoja ruhusa ya kapteni, akiwa na sababu ya kuamini kwamba hatua hiyo inahitajika papo hapo kulinda usalama. Maana yake ni kwamba waliompa kapteni mamlaka makubwa namna ile walijua wazi hana macho ya kufika kila mahali. Tangu mashambulizi ya 11 Septemba 2001, mlango wa chumba cha marubani umekuwa mzito, wa kuzuia risasi, na umefungwa safari nzima. Rubani haoni mabawa yake vizuri, hasikii mlango wa nyuma, hanusi choo. Ana vioo na saa mbele yake, na ana ninyi kwenye simu.

Kuna methali nyingine ambayo ningependa baba mdogo aikumbuke pamoja na ile yake: mkubwa ni jaa. Jaa halichagui takataka. Anayekubali ukubwa amekubali kuletewa kila kitu, kilicho na maana na kisicho na maana, na ni kazi yake kuchambua. Mhudumu anayechambua mwenyewe kule nyuma, akaamua hili linafaa kumfikia mkubwa na hili halifai, amejitwalia kazi ya kapteni bila kujua. Baba mdogo akiwa mtu wa ziwa atanielewa haraka. Ukienda Dunga alfajiri ukatazama mashua za omena zikirudi, kijana anayefua maji hana sauti juu ya wapi wavu utupwe. Lakini maji yakiingia kuliko kawaida, ni yeye anayejua kwanza, kwa sababu miguu yake imo ndani ya maji hayo. Akikaa kimya kwa kumwogopa mwenye mashua, wote wanazama na heshima yao.

Sasa nikueleze upande wa kapteni wako, maana kuna jambo aliloligusa lenye ukweli ingawa alilisema vibaya. Ipo kanuni ya ukimya katika chumba cha marubani. Ilianza kuwa sheria Marekani mwaka 1981, baada ya ajali zilizotokea marubani wakipiga soga zisizohusu kazi wakati ndege inaruka karibu na ardhi. Ndege ikiwa inatembea uwanjani, inapaa, au iko chini ya futi 10,000, hakuna mazungumzo wala simu zisizohusu usalama. Hupigi kuuliza kama wanataka kahawa, wala kusema abiria wa kiti fulani analalamika. Jioni ya Kisumu nayo unaijua: mawingu mazito yanasimama juu ya ziwa na upande wa milima ya Nandi, ndege wa ziwani wanarudi kulala, na marubani wanatafuta njia katikati ya hayo yote huku wakizungumza na mnara wa kuongozea ndege. Simu ikilia wakati huo inakata mawazo. Haya sisemi kumtetea, nataka ujue simu yako iliangukia wapi.

Hata hivyo kanuni hiyo haijawahi kufunga simu ya usalama. Mlango unaopiga mluzi ambao hujawahi kuusikia ni jambo la usalama mpaka fundi aseme vinginevyo, na fundi hakuwamo ndani ya ndege. Kwamba baadaye ulionekana ni mpira uliokunjika hakubadilishi chochote. Ungeujuaje?

Tatizo la kanuni hii ni kwamba wengi tunaifundisha nusu. Tunamwambia mhudumu mpya "usipige chini ya futi 10,000", tunasahau kumalizia. Naye akikemewa mara moja tu, nusu ile ndiyo inayobaki kichwani.

Nikupe mambo mawili yaliyotokea mwaka mmoja, 1989, ambayo kila darasa langu nililianza nayo. Tarehe 8 Januari, ndege ya Boeing 737 ya British Midland ilitoka London kwenda Belfast. Injini ya kushoto ikaharibika, moshi ukaingia ndani. Marubani wakadhani ni ya kulia, wakaizima ile iliyo nzima. Kapteni akawatangazia abiria kwamba injini ya kulia ilikuwa na hitilafu na imezimwa. Walioketi nyuma walikuwa wameona cheche na moto upande wa kushoto kwa macho yao. Wahudumu 3 nao walikuwa wameona dalili za moto upande huo. Hakuna aliyekwenda mbele kuuliza. Injini iliyoharibika ikaendelea kuwabeba kwa muda, ikafa wakiwa karibu kutua, ndege ikaanguka karibu na kijiji cha Kegworth, kando ya barabara kuu ya M1. Walikufa watu 47 kati ya 126.

Tarehe 10 Machi, huko Dryden nchini Kanada, ndege aina ya Fokker F28 ya Air Ontario ilipaa ikiwa na theluji juu ya mabawa, ikaanguka msituni muda mfupi baadaye. Walikufa 24 kati ya 69. Mhudumu mmoja alinusurika. Aliieleza tume ya uchunguzi kwamba aliiona theluji ile kabla hawajaondoka. Hakumwambia kapteni, kwa sababu alichojifunza kazini ni kwamba marubani hawapendi kusikia mambo ya aina hiyo kutoka kwa wahudumu. Ndani ya ndege ileile waliketi marubani wawili wa taaluma kama abiria, nao waliona, nao hawakusema.

Rudia kusoma sababu ya yule mhudumu, kisha usome barua yako mwenyewe, pale uliposema harufu ilikuja ukanyamaza. Ndiyo maana nimekuwa mkali kwako kuhusu choo kuliko kuhusu simu.

Hata kwetu tumelipa. Ndege ya Kenya Airways iliyoanguka Douala, Kameruni, tarehe 5 Mei 2007, iliua wote 114. Chumbani mlikuwa na kapteni wa miaka 52 na rubani msaidizi wa miaka 23. Uchunguzi ulitaja kukosekana kwa ushirikiano kati ya hao wawili miongoni mwa sababu zilizochangia. Wapo waliopoteza ndugu zao wanaosoma haya, kwa hiyo sitaongeza neno. Nimelitaja ili isionekane mambo haya ni ya Wazungu na theluji yao.

Kutokana na misiba ya namna hii ndipo yakazaliwa mafunzo mnayofanyiwa kila mwaka, yale mnayoyaita CRM, yaani mafunzo ya wafanyakazi wa ndege kusikilizana na kusaidiana kazini. Mwanzoni yalihusu marubani pekee. Baada ya Kegworth na Dryden ilikuwa vigumu kuendelea kuwaacha wahudumu nje. Ukikaa darasani na marubani siku hiyo, usikae safu ya nyuma ukasubiri chakula cha mchana. Uliza swali hili hili ulilonitumia.

Nitakuambia kapteni mzuri anasikikaje, maana sidhani umebahatika kumpata bado. Nilikuwa na miaka kama yako. Tulikuwa tunatembea kuelekea njia ya kurukia hapa Kisumu, mvua imetoka kukatika, mimi nimekaa nyuma. Nikaona kwenye bawa la kulia mstari wa kitu cha majimaji ukichuruzika kutoka kwenye kiungo cha bati, unang'aa kama mafuta. Mkono ulinitetemeka nikaishika simu kwa mikono miwili. Kapteni akaniuliza maswali matatu: ni bawa gani, unatoka wapi, unaongezeka? Kisha akasema, "Usiondoe macho hapo." Ndege ikasimama. Rubani msaidizi akaja nyuma, akapiga magoti kwenye safu ya dirisha mbele ya abiria wote, akapangusa ukungu wa kioo kwa mkono wa shati lake jeupe, akatazama kwa muda. Yalikuwa maji ya mvua yaliyokusanyika kwenye mfereji wa bati. Nilitamani sakafu ipasuke. Simu ikalia. Kapteni akasema, "Asante. Kesho ukiona tena, piga tena." Hayo tu. Tukapaa.

Nimesahau majina ya makapteni wengi. Huyo simsahau. Hakupoteza mamlaka yake hata chembe kwa kunishukuru mbele ya rubani wake. Kinyume chake, tangu siku hiyo angeniambia ruka ningeruka.

Wa aina nyingine nao nimekutana nao. Mmoja alitaka chai wakati abiria wamo ndani na gari la mafuta linajaza. Wakati wa kujaza mafuta abiria wakiwemo, mhudumu hasogei mlangoni, kwa sababu moto ukitokea ni yeye wa kuwatoa watu. Nikamwambia, "Kapteni, mafuta yanajazwa, niko mlangoni. Chai inakuja mlango ukifungwa." Alininunia safari zote nne za siku ile. Kila safari nilimpelekea chai yake, ya moto, na neno zuri. Heshima si utumwa, na pia haikomi kwa sababu mtu amenuna.

Kazi yako ni chai? Ndiyo, chai imo. Usiidharau, watu wanakumbuka chai. Lakini kampuni haikukuweka ndani kwa ajili ya chai. Ndege kubwa ya abiria haipewi kibali cha kutumika mpaka mtengenezaji aonyeshe kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango imefungwa, na wanaowatoa ni ninyi. Tarehe 2 Januari 2024, kwenye uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani wakati wa kutua, ikawaka moto. Watano katika ile ndogo walikufa. Katika ile kubwa walikuwamo watu 379. Vipaza sauti vya ndani havikufanya kazi. Wahudumu wakatumia vipaza sauti vya mkononi na koo zao. Mlango wa nyuma kushoto ulifunguliwa na mhudumu kwa uamuzi wake, kwa sababu hakuweza kuwasiliana na marubani na aliona nje upande ule pako salama. Milango mitatu kati ya minane ndiyo iliyotumika. Wote 379 walitoka hai, na kapteni alipita ndani kuhakikisha hakuna aliyebaki, akatoka wa mwisho. Pale hakuna aliyenyang'anya mamlaka ya mwenzake.

Sasa namna ya kusema, maana hapo ndipo ninaweza kukusaidia zaidi. Sijui ulisema nini kwenye simu ile, lakini najua wahudumu wapya wanavyosema: "Samahani kapteni, pole kukusumbua, sijui kama ni kitu, lakini kuna kama sauti hivi..." Huyo mtu yuko kwenye mawingu. Mpe ulichonacho kwa pumzi moja: "Kapteni, ni mimi wa nyuma. Mlango wa kushoto unapiga mluzi mkali tangu tuanze kupaa. Kishikio kiko mahali pake, sihisi upepo. Nauangalia." Umetaja uko wapi, umesema ulichosikia, umesema ulichokagua, umesema unachofanya. Hujasema unachodhani, maana hakukuuliza bado. Msamaha unaweza kuomba ukifika chini, ukitaka.

Na kushoto ni kushoto kwa anayetazama mbele ya ndege. Wewe ukiwa kwenye kiti chako mara nyingi unatazama nyuma, mkono wako wa kushoto uko kulia kwa ndege. Sema "kushoto kwa ndege". Baada ya Kegworth, neno hilo si dogo.

Akikujibu kwa ukali, jibu "Sawa kapteni", weka simu, endelea kuangalia. Mlango ukizidi, piga tena. Ukali wake haukuondoi kazini. Na yeye akikupigia wakati wa dharura, atakupa mambo manne: tatizo ni nini, anakusudia kufanya nini, muda uliobaki, na maagizo ya pekee. Mrudishie kwa sauti yote manne kama ulivyoyasikia. Kapteni anayesikia maneno yake yakirudi sawasawa anaanza kukuamini bila kujijua.

Kuhusu kugombezwa mbele ya vijana wa mizigo: hilo lilikuwa kosa, na halimo katika mamlaka yoyote niliyokutajia. Anaweza kukukosoa. Anaweza hata kukataa kuruka na mfanyakazi ambaye haamini yuko sawa kwa kazi. Kukuaibisha hadharani hakumo. Mimi nisingekwenda kuomba msamaha, maana ukiomba msamaha kwa simu ya usalama unamfundisha, na unajifundisha, kwamba ilikuwa kosa. Ningemtafuta akiwa peke yake, kwa adabu zote ulizolelewa nazo, nimwambie: "Kapteni, siku ile nilipiga kwa sababu ya mlango. Ulinigombeza mbele ya watu na iliniuma. Ningependa unifundishe, safari nyingine ukiwa kwenye mawingu ungetaka nikuambieje?" Mzee yeyote mwenye moyo anapata hapo nafasi ya kurudi nyuma bila kuvuliwa nguo. Wengi wataitumia. Asipoitumia, mweleze kiongozi wako wa wahudumu, naye alikuwepo akasikia, kisha andikia ofisi ya usalama ya kampuni. Malalamiko ya kuvunjiwa heshima yapeleke kwa wakuu wa wafanyakazi, karatasi tofauti. Usiyachanganye, la sivyo jambo la mlango litasomwa kama ugomvi wa watu wawili.

Baba mdogo mwambie nimemsalimu. Mwambie nakubaliana naye kwamba mkuu asikilizwe. Kisha muulize, yeye akiwa amekaa safu ya mwisho, angependa mtoto wa ndugu yake apige simu au asipige?

Limebaki la choo. Harufu ya waya unaoungua ikiisha haimaanishi kilichokuwa kinaungua kimepona. Ndege ile bado inaruka, na fundi hatafungua paneli ya choo kwa jambo ambalo hakuna aliyeliandika. Andika ripoti leo, kabla hujalala, na umpigie kiongozi wako usiku huohuo. Weka nambari ya ndege yenyewe, ile iliyoandikwa ubavuni, tarehe, saa, choo cha upande gani, harufu ilidumu kwa muda gani, na kama feni au taa ilikuwa ikifanya kazi. Andika pia kwamba hukusema siku ile, na kwa nini. Hiyo sentensi ya mwisho itakuwa ngumu kuliko zote. Usiifute.